Pikipiki Iliyolala Kitambo

Mwaka mmoja nilipata kazi ya mkataba huko bara, nikaondoka Tanga mwezi wa Machi, masika yakiwa yamekaribia, nikaiacha pikipiki yangu katika banda la uani, Ngamiani, chini ya turubai, petroli ikiwa nusu ya tangi, nami nikijipa moyo kwamba chombo kilichoingia bandani kwa nguvu zake chenyewe kitatoka kwa nguvu zizo hizo. Nilirudi baada ya miezi 11. Turubai lilikuwa lile lile na pikipiki ilikuwa ile ile, ila vumbi. Lakini nilipopiga kiki kiasi cha mara ishirini, jasho likinichuruzika hadi viatuni, injini ilinijibu kwa kukohoa mara mbili na kuzimika, na hata ilipokubali kuwaka haikukubali kuishi ila kwa choki, na kila nilipoirudisha choki mahali pake ilikata roho kama kibatari kilichopulizwa.

Katika uwa wa pwani mtu aweza kukosa maji na kukosa kuni, lakini hakosi washauri. Jirani wa kulia alitoa hukumu kwamba ringi zimekwisha, wa kushoto alisema ni valvu, mpwa wangu, ambaye hupata riziki yake kwa bodaboda na kwa hiyo hujihesabu mwanachuoni wa ilimu hii, aliinama, akasikiliza, akatikisa kichwa na kuniambia, "Mjomba, hiyo ni pistoni." Fundi wa kwanza niliyemwita hakusikiliza hata hivyo, alitaja bei ya kufungua injini yote, na bei yenyewe ilikaribia thuluthi ya thamani ya chombo. Namshukuru Mola kwamba siku ile mfuko wangu ulikuwa mtupu, maana ufukara ndio ulionizuia nisiilipie kazi ambayo haikuhitajiwa.

Rai ninayotaka kumpa msomaji, kabla hajashika spana, ni hii: chombo kinachokwenda huvunjika, na chombo kilicholala huziba. Pistoni haiwezi kulika ikiwa imesimama, wala jino la gia haliwezi kukatika bila ya kugusana na jingine. Chuma kilichotulia hakipigwi, hakipati joto wala hakisuguliwi, na kwa hiyo, ikiwa pikipiki ilikuwa na siha njema siku ilipowekwa, viungo vizito vilivyomo ndani ya injini vina ushahidi wa kutosha wa kuvitoa hatiani. Washitakiwa ni wale ambao wakati huwagusa hata wakiwa wametulia: petroli, inayochacha, maji, yanayotoka hewani na kujipenyeza tangini, mpira, unaokauka na kupasuka, betri, inayojila yenyewe, na wadudu na panya, ambao kwao kila tundu ni nyumba iliyokosa mpangaji. Tena kesi zenyewe zisikilizwe kwa zamu, kuanzia kwa aliye karibu na mwenye gharama ndogo, na kila ukigeuza kitu kimoja ukiwashe chombo na kusikiliza kabla hujageuza cha pili, kwani aliyebadilisha plagi, chujio na petroli kwa pamoja, pikipiki ikapona, hatajua kamwe dawa ilikuwa ipi, na mwakani atauanza upya ujinga wake. Walakini ikiwa chombo kilikuwa kigonjwa kabla ya kuwekwa, maneno haya hayana nguvu. Kulala hakujapata kuiponya pikipiki.

Kosa langu la kwanza, nalo ni kosa la takriban kila mtu aliyerudi safari, lilikuwa kupiga kiki kabla ya kutazama. Silinda iliyokaa miezi mingi imekauka. Oili imeteremka chini, na ringi zinapoukwaruza ukuta mkavu ulioshika kutu nyepesi ya hewa ya bahari, ndipo tunapokitia chombo kwa mguu wetu wenyewe kile kidonda ambacho wakati haukukitia. Iliyo bora ni kufungua plagi, kutia oili safi ya injini kiasi cha kijiko kimoja cha chai katika tundu lake, kuiacha robo saa, kisha, swichi ikiwa imezimwa na tundu limefunikwa kwa kitambaa ili oili isikurukie, kuisukuma kiki kwa mkono taratibu mara kumi hivi, mpaka uuhisi mwendo umekuwa laini. Ukiona imegoma kabisa, usiilazimishe. Ongeza oili, ukalale, urudi asubuhi. Tazama pia oili iliyomo ndani ya injini: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji, nayo imwagwe kabla injini haijazunguka hata dakika moja.

Aliyenitoa ujingani alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, fundi aliyeiacha kazi kwa ajili ya macho, ambaye niliisukuma pikipiki hadi barazani kwake baada ya sala ya alasiri.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Imelala muda gani?"

Hakuuliza ina nini. Katika mafundi wote niliokwenda kwao maishani ni yeye peke yake aliyeanza na swali hilo, nami nimelihifadhi.

"Miezi kumi na moja, Babu."

"Na petroli uliiacha wapi?"

"Tangini."

"Basi usinieleze lingine. Ingia ndani, mwombe bibi yako sahani nyeupe, lakini usimwambie ni ya kazi gani."

Alifunga koki ya mafuta, akaiweka sahani chini ya kabureta, akailegeza skrubu ndogo iliyo chini ya kikombe chake. Kilichotoka hakikuwa petroli niijuayo. Petroli mpya ina rangi hafifu na harufu inayopanda puani mara moja. Hii ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, na harufu yake ilikuwa nzito, kama ya rangi ya milango iliyosahauliwa koponi, na chini yake, juu ya weupe wa sahani, yalibingirika matone matatu ya maji kama zebaki, yasichanganyike nayo. Hiyo ndiyo faida ya sahani nyeupe, kwamba macho huona kwa nukta moja jambo ambalo masikio yangelibishania siku nzima.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Petroli si kitu kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vyepesi na vizito, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyoshika moto upesi injini ikiwa baridi, ndivyo vinavyotangulia kuruka hewani. Vizito hubaki, na hivyo navyo, kwa kukutana na hewa na joto, huungana vikawa utomvu wa kunata, mithili ya utomvu wa mkorosho, na utomvu huo ukikauka huwa ngozi ngumu ya rangi ya kaharabu inayoshika kila mahali ilipopita. Petroli ya tangini, kwa kuwa ni nyingi na imefunikwa, huchukua miezi kadhaa kuharibika, lakini ile ya kikombe cha kabureta ni kidogo mno, na kikombe chenyewe kina kitundu cha kupumulia, basi mwezi mmoja au miwili ya joto la pwani yatosha kuanza kuigeuza. Ndiyo maana mtu huweza kuondoa petroli yote ya tangini, akatia mpya ya leo, na pikipiki isibadilike hata chembe: amebadilisha maji ya mtungi, na kata ndiyo iliyoziba.

Babu alikifungua kikombe, akatoa vijibomba viwili vya shaba ya njano, kila kimoja hakifikii urefu wa kiungo cha kidole, akanipa kimoja nikitazame juani. Hiyo ilikuwa jeti kubwa, ambayo kazi yake ni kuilisha injini wakati wa mwendo wa kasi. Nuru ilipita katika tundu lake, mviringo na safi. Kisha akanipa ile ndogo, ambayo mafundi wengine huiita pailoti, inayoilisha injini wakati ikinguruma taratibu bila ya resi, hali waiitayo sailensi. Niligeuza huku na huku, nikaelekeza juani, nikafumba jicho moja, nikafumba la pili, sikuona kitu. Tundu la jeti hiyo katika pikipiki za cc 125 halifikii nusu ya milimita. Katika kabureta za Keihin namba iliyochorwa ubavuni mwa jeti, kwa mfano 38, hukaribia kueleza kipenyo chake kwa sehemu za mia za milimita. Utomvu usioweza kuujaza ukucha wa mtoto mchanga ndio uliokuwa ukitaka kunigharimu thuluthi ya pikipiki.

Na hapa ningependa msomaji anisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa jeti nyingi huuawa na wale wanaotaka kuziponya. Usitie sindano wala waya wa chuma katika tundu la jeti. Jeti ni shaba, na chuma ni kigumu kuliko shaba, hivyo sindano haitoi uchafu peke yake bali hutoa na ukuta wa tundu, na tundu lililopanuka kidogo tu huingiza petroli kupita kadiri, nawe utakuwa umebadilisha njaa kwa kuvimbiwa. Irowe kwanza katika petroli safi au katika dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, usiku mzima ikibidi. Kisha chomoa uzi mmoja, mmoja tu, katika waya laini wa umeme wenye nyuzi nyingi, au unywele mmoja wa brashi ya nailoni, uupitishe pole pole. Kisha puliza kwa upepo wa kompresa, au hata kwa pampu ya baiskeli, ukiyahifadhi macho yako. Wala usidhani kazi imekwisha kwa jeti kuona nuru. Mwili wa kabureta nao una vijia vilivyotobolewa ndani ya chuma chake, nawe huna budi kuipuliza dawa katika kila tundu na kuona inatokea wapi. Ikiingia na isitoke, hujamaliza.

Kuna skrubu nyingine ndogo ubavuni mwa kabureta, inayopima mchanganyiko wa sailensi, ambayo watu huifungua kwa haraka na kuijutia. Kabla ya kuitoa, ikaze taratibu kwa ncha ya bisibisi mpaka itue, bila ya nguvu, huku ukihesabu mizunguko, na uiandike hesabu hiyo mahali pasipopotea. Wakati wa kuirudisha, itue tena, uirudishe nyuma hesabu ile ile. Katika pikipiki nyingi ndogo huwa baina ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu. Yangu niliiandika kwa chaki ukutani mwa banda, "miwili kasorobo," na maandishi hayo yangali yanasomeka.

Boya lililomo ndani ya kikombe lisisahauliwe. Litikise sikioni: likisikika petroli ndani yake, limetoboka na linazama, na kabureta itafurika. Sindano yake ikinata juu, petroli haishuki. Ikinata chini, petroli humwagika ardhini kwa kijibomba cha ziada, na mara nyingine kugonga kikombe kidogo kwa mpini wa bisibisi hutosha kuizindua. Kazi hii yote ifanywe uwanjani, mbali na jiko la mkaa na mbali na mvuta sigara, hata kama mvuta sigara mwenyewe ni shemeji yako. Na petroli mbovu usiimwage mtaroni wala karibu na kisima.

Tulipoifunga kabureta na kutia petroli mpya, injini iliwaka kwa kiki ya tatu, na choki ikarudishwa, nayo ikaendelea kunguruma. Sahani haikurudi jikoni, kwa sababu harufu haikutoka kwa sabuni wala kwa majivu, na bibi alinitazama kwa jicho ambalo lilinipeleka sokoni siku ya pili kununua nyingine.

Si kila pikipiki iliyolala ina ugonjwa wa yangu, lakini aghalabu chombo chenyewe husema kinachokisumbua, ilimradi mwenye kukisikiliza anajua lugha. Ile inayoishi kwa choki tu, ikafa katika sailensi, lakini ikivutwa resi inakwenda, imeziba jeti ndogo. Choki huipunguza hewa na hivyo huuzidisha uzito wa mchanganyiko, na chombo kinachoiomba choki kikiwa kimeshapata moto ni chombo kinacholalamikia njaa ya petroli. Ile iliyo tulivu katika sailensi, ikaishiwa nguvu unapoivuta kwenye mlima au barabara iliyonyooka, ina walakini katika jeti kubwa au katika njia ya kuletea petroli. Moshi mweusi, plagi iliyolowa na harufu kali ya petroli ni dalili za kushiba kupita kiasi, basi tazama choki iliyonata, chujio la hewa lililoziba au boya lililozama. Resi inayobaki juu bila ya kuvutwa, kama mtu aliyekasirika asiyejua kunyamaza, huashiria hewa inayoingia mlango wa nyuma, yaani ule mpira ulio baina ya kabureta na injini umekauka na kupasuka, au kebo ya resi imeshika kutu ndani ya ala yake. Ukunje mpira ule kwa vidole, na nyufa zitakujia machoni.

Ipo dalili moja ambayo imewasumbua wengi na dawa yake haina gharama. Pikipiki huwaka vizuri, ikaenda kilomita mbili au tatu, kisha ikafifia na kuzima kana kwamba petroli imekwisha. Mwenyewe hukaa chini ya mwembe dakika tano, akapiga kiki, ikawaka, ikaenda kilomita nyingine mbili. Huyo asiguse kabureta. Na akifungue kizibo cha tangi mara tu chombo kinapozima, atege sikio: akisikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio mwembamba, mshitakiwa amekiri. Kizibo kina kitundu cha kuingizia hewa ili petroli ipate kushuka, na nyigu wa kwetu, ambao hujenga kwa udongo katika kila upenyo wanaouona, wanakipenda kitundu hicho kuliko dirisha la msikiti. Nimekwisha kuutoa udongo wao kwa kijiti cha kiberiti mara mbili katika chombo kimoja.

Tangi nalo litazamwe kwa tochi. Tangi la chuma lililoachwa nusu lina hewa juu ya petroli, na hewa ya pwani ina maji. Usiku ukiingia baridi, maji hayo hugeuka matone katika dari la tangi, yakateremka, na kwa kuwa ni mazito kuliko petroli hukaa chini kabisa, ambako ndiko koki inakokunywea, yakileta kutu na kuzimazima kusikoelezeka. Ukiona unga mwekundu chini ya tangi, toa petroli yote, lisuuze kwa petroli safi kidogo, fungua koki uoshe chujio lake, na utie chujio dogo katika mpira wa mafuta, nalo ni kitu cha bei ndogo kinachouzwa kila duka la vipuri. Wapo wanaoichanganya petroli iliyochacha na mpya ili wasipate hasara. Mimi siwafuati, hasara ya lita nne ni nafuu kuliko kuifungua kabureta mara ya pili.

Katika chujio langu la hewa niliukuta mji. Panya alikuwa ameleta pumba, nyuzi za gunia na kipande cha kanga ambacho mke wangu alikuwa amekitafuta sana, akajenga, akazaa, akahama. Na sponji ya chujio ilipoguswa ilivunjika kama mkate wa juzi, na vipande vyake, lau ningeendelea kupiga kiki, vingemezwa na injini. Chujio la sponji likiwa bado zima lioshwe kwa maji ya sabuni, likaushwe kivulini, lipakwe oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi, hukung'utwa au hubadilishwa. Chungulia na bomba la moshi, na ufuate nyaya kwa vidole, maana mwenye meno ya kupasua gunia hashindwi na waya.

Nikija kwenye moto, nitasema machache, kwa sababu cheche haichachi kama petroli. Fungua plagi, itie katika kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake na mbali na petroli, kisha piga kiki mahali penye kivuli: cheche ya buluu yenye mlio ni nzima, ya rangi ya machungwa iliyo dhaifu yahitaji plagi mpya au kusafisha kofia na ncha za nyaya, ambazo katika miji ya bahari huota kutu ya kijani. Mwanya wa plagi katika mashine kama Honda CG125, ambayo ilibuniwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi zenye barabara na matunzo kama yetu, ni milimita 0.6 hadi 0.7. Na kabla ya yote hayo tazama ile swichi nyekundu ya mkono wa kulia; namjua mtu aliyepiga kiki nusu saa ilhali imezimwa, nami huwa namwona kila ninapojitazama kiooni.

Betri ya volti 12 iliyoshiba husoma kiasi cha 12.6 ikiwa imetulia, na iliyoteremka hadi 12 au chini yake imekwisha nguvu. Ichajiwe pole pole, kwa mkondo usiozidi sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani nusu ampia kwa betri ya ampia-saa 5, mahali penye upepo, na ikiwa ni ya maji iongezwe maji yaliyosafishwa ya betri, si ya bomba. Pikipiki nyingine za kiki huwaka hata betri ikiwa imekufa, na nyingine haziwaki asilani, basi usihukumu kwa ya jirani. Mwenye pikipiki ya injekta ndiye anayeihitaji betri nzima kuliko sisi wa kabureta, kwa kuwa pampu yake ya mafuta haisukumi bila umeme. Akifungua swichi asisikie mvumo mfupi wa pampu, aanze na betri na fyuzi, na akishayamaliza hayo bila ya mafanikio, aipeleke kwa fundi mwenye vyombo vya kuipima, maana injekta haisafishwi kwa unywele wa brashi.

Ikiwa petroli ni mpya, jeti zinaona nuru, hewa inapita na cheche ni ya buluu, na bado injini haina nguvu, hapo tu ndipo ninapokubali kuitilia shaka injini yenyewe. Weka kidole gumba juu ya tundu la plagi, mwenzako apige kiki: kisiposukumwa kwa nguvu, yamkini valvu imeshika kutu ikabaki wazi, au ringi zimenata. Oili iliyotiwa katika silinda na usiku mmoja wa subira huzilegeza ringi mara nyingi. Zisipolegea, mwite fundi wa bei kubwa, na mpwa wangu atakuwa amekaribia kusema kweli.

Injini ikishanguruma, usiiache ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwani katika moshi wake mna kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akidhani anasinzia. Tena usirukie barabarani kwa furaha. Sahani za klachi zilizolala hugandana, na ukitia gia ya kwanza chombo huruka kama punda aliyechomwa; basi injini ikiwa imezimwa, tia gia, bana klachi, uisukume pikipiki mbele na nyuma mpaka uzisikie zimeachana. Breki uzijaribu uani, kwa mwendo wa kutembea. Tairi zijazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kijitabu au ubavuni mwa mkono wa nyuma, zitazamwe nyufa, na mnyororo upakwe oili.

Ama kwa mwenye kutaka kusafiri tena, taabu zote hizi huepukwa kwa kazi ya saa moja. Funga koki, iache injini imalize petroli ya kikombe mpaka izime yenyewe, kisha umwage na mabaki kwa ile skrubu ya chini. Tangi la chuma ulijaze hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, au ulimwage likauke kabisa. Nusu ndiyo iliyo mbaya. Badilisha oili kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi, kwa kuwa oili iliyotumika ina tindikali inayokula chuma muda wote uliko safarini. Toa betri, ukianza na waya hasi, umpe mtu wa kuichaji mara moja kwa mwezi. Tia kijiko cha oili katika silinda, inua magurudumu kwa stendi ya kati au kwa matofali, na ufunike kwa shuka nene ya pamba inayopitisha hewa, maana nailoni huufunga unyevu ndani. Jamaa watakaokuahidi kuiwasha dakika tano kila Ijumaa uwashukuru na uwakataze. Dakika tano haziipashi injini moto wa kutosha, huacha maji ndani ya oili na bomba la moshi, na hivyo huiua kwa wema. Ikiwa yupo mwenye leseni na insafu, na aiendeshe mwendo wa dakika ishirini au zaidi, hata mpaka njia ya Pangani na kurudi.

La mwisho ni bomba la moshi, ambalo mimi huliziba kwa kitambaa ili panya asiingie. Kitambaa hicho kiwe chekundu, kirefu, na ncha yake ya pili ifungwe kwenye mkono wa klachi, ili siku ya kurudi usiweze kuushika usukani kabla ya kukitoa.